Jioni Mbili Nilizonyamaza

Mwezi uliopita nilirudi kwetu Nangara, nikamkuta mtoto wa jirani ameweka kopo la maharage yaliyoota dirishani. Ni kazi ya sayansi, akaniambia kwa fahari; kopo la pili liko gizani, uvunguni mwa kitanda. Nilimsifu, nikaaga mapema. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilikuwa darasa la tano, miaka ile ya unga wa njano na foleni za sabuni, tulipofua kwa majani ya mpapai. Mwalimu wetu wa sayansi alitupa makopo kama yale. "Badilisheni kitu kimoja tu," alisema, "vingine viacheni kama vilivyo. Na msiniambie mnaamini nini, niambieni mmeona nini."

Mchekeshaji wa dawati la nyuma akauliza, "Na Mungu, mwalimu, tumtie kopo gani?"

"Mungu hayumo kwenye silabasi. Kaa chini."

Darasa likacheka. Mimi nilikuwa namfikiria mdogo wangu.

Alikuwa na miaka minne, na homa iliyokuja na kuondoka. Zahanati ilikuwa na tabibu na kitanda, dawa hazikuwapo. Bibi alimnywesha uji wa ulezi, akamkanda kwa kitambaa chenye maji, na jioni tulisali rozari bila taa, maana mafuta yalikuwa ya kutunza. Kila mtu alikuwa na fungu lake. La mwisho lilikuwa langu, la kumwombea mgonjwa, nami nililinong'ona nisimwamshe, bega langu likigusa bega la bibi. Wiki ile mtoto akapata nafuu, akaomba ndizi. Nikataka kujua kilichomsaidia: uji, kitambaa, au sala yangu. Kama ni sala, niliwaza, basi nitasali hadi magoti yachubuke.

Kwa hiyo nilibadilisha kitu kimoja. Zamu yangu ilipofika nilipitisha punje za rozari vidoleni, nikichezesha midomo bila sauti, moyoni nikihesabu saba mara moja, saba mara mbili. Siku ya kwanza hivyo, na ya pili. Ya tatu homa ikapanda. Nikaapa kwamba jioni nitasali.

Alifariki saa tisa mchana.

Matanga yalipokwisha, tukisugua masufuria kwa majivu, nilimwambia bibi. Mkono wake haukusimama.

"Nilisikia umenyamaza," alisema. "Nikasali langu, nikasali na lako."

"Sasa, bibi, mbona amekufa?"

Akanipa sufuria. "Suuza hii."

Leo najua jaribio langu lilikuwa bovu: mtoto mmoja, siku chache, na bibi aliyeliharibu tangu jioni ya kwanza. Mwalimu angelikata kwa wino mwekundu. Watu wakibishana kama dini yaweza kupimwa kwa sayansi, mimi hukaa kimya. Sala ikiwa ni upepo tu, basi sina hatia. Ndiyo maana kila ninapotaka kusema ni upepo, sijiamini. Mshtakiwa gani anaweza kujihukumu kwa haki?

Nyumba yetu sasa ni ghala la saruji. Bibi amelala kando ya mdogo wangu. Jioni ile ya mwezi uliopita, kengele ya kanisa ilipolia, nilisimama nje ya ghala nikajaribu fungu langu, nikajikuta nahesabu: saba, kumi na nne, ishirini na moja. Nikanyamaza, nikatega sikio upande aliokuwa akikaa bibi.