Kidole cha Redio

Kidole gumba cha mkono wa kulia wa Falesi Nankhoma kilikuwa na elimu yake. Kwa miaka ishirini na mmoja kilikuwa kikibonyeza kinasa sauti cha redio ndogo ya jamii chini ya Mlima Mulanje, na kinasa kile kilikuwa na ukorofi wake: ukikibonyeza mara moja kinapepesa taa tu, kinakusubiri, ukibonyeza mara ya pili ndipo kinaanza kunasa. Falesi alibonyeza hivyo, mara mbili, bila kufikiri, kama mtu anavyokung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Alihoji machifu, wakunga, wachuma chai waliogoma, hata mwizi wa mbuzi aliyeokoka, na hakurudi mikono mitupu hata siku moja. Watu walimjua kwa sauti. Sokoni aliweza kupita na kapu lake hakuna anayemgeukia, lakini akiuliza tu bei ya mbaazi, akina mama wanapiga kelele: "Ala! Kumbe ndiye wewe!"

Sasa, mwaka ule baada ya kimbunga, meneja wao akaja na habari kwamba redio isiyo na video itakufa, na kwamba kuna shirika linaleta mafunzo ya siku tano. Kila mtu angepewa simu, stendi ya miguu mitatu, taa ndogo na kipaza sauti cha kubana kwenye nguo. Wenzake wakanung'unika. Wyson Makuta, mtangazaji wa michezo, alisema yeye sura yake haikuumbwa kwa ajili ya kutazamwa. Falesi peke yake ndiye aliyeandika jina lake siku ileile, na hakuwa na haja na sura ya mtu. Alikuwa na haja na watu arobaini na watatu wa kijiji cha Nakhonyo.

Nakhonyo ndiko alikozaliwa. Usiku wa kimbunga mlima ulimeguka, ukashuka na mawe makubwa kuliko nyumba, na kijiji kikafukiwa. Waliofukuliwa walikuwa kumi na tisa. Waliobaki, hao arobaini na watatu, wamo humohumo chini, na dada yake Esnat yumo pamoja na wanawe. Sasa kamati ya kumbukumbu ilikuwa inachonga jiwe la majina, na kwa Nakhonyo ilikuwa imeandika majina kumi na tisa, halafu chini yake maneno mawili: "na wengineo." Falesi aliyaona kwenye karatasi. Wengineo! Mtu amezaliwa, ameolewa, amelima, amekufa na matope mdomoni, leo aitwe wengineo?

Alikuwa amekwisha kuipelekea kamati sauti ya watu wakieleza habari za waliofukiwa. Mwenyekiti wa kamati akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Mama, sauti haina sura. Mtu yeyote anaweza kusema chochote. Tuletee shahidi tumwone akisema, tena kabla ya Ijumaa saa kumi, maana mchongaji hangoji."

Na shahidi alikuwa mmoja tu. Daftari la kijiji lilikwenda na chifu, chifu mwenyewe akaenda na nyumba yake. Nyumba nyingine ziliisha na ukoo mzima. Nyingine zilikuwa za watu waliovuka kutoka Msumbiji kutafuta vibarua, upande huu hawana hata shangazi. Aliyebaki akiwajua wote ni dada wa chifu, bibi kizee ambaye kila mtu alimwita Gogo Namuthuwa, yaani Bibi Namuthuwa. Kila msimu yeye ndiye aliyegawa mbegu, nyumba kwa nyumba kutoka mtoni kupanda mlimani. Tangu siku ile ya maji, kila asubuhi katika kambi ya walionusurika, kabla hajatia kitu kinywani, alikuwa akiwataja wote kwa mpangilio uleule ili asimsahau mtu. Kifua kilikuwa kinamsumbua, miguu imevimba. Falesi alijua hana muda wa kuchezea.

Basi Jumatatu wakaanza. Mwalimu wao, Taonga Msiska, kijana wa kaskazini mwenye subira ya mfuga nyuki, akawafundisha kulaza simu ubavu, kupangusa lenzi, kukata mtandao ili mtu asije kupiga katikati ya mahojiano. Alisisitiza sana jambo moja. "Ukishaweka fremu na ukabonyeza, iache simu. Mtazame mtu machoni. Mtu haongei na kioo." Jioni akawatuma kumhoji yeyote, na Jumanne asubuhi akazifungua kazi zao.

"Mama Falesi, mbona video yako ina sekunde moja?"

"Sekunde moja? Nimezungumza na mpishi wa nsima robo saa nzima, mpaka chungu kikaungua!"

"Tazama mwenyewe. Hii sekunde moja. Hii nyingine ina dakika nne, lakini ni viatu vyako vinatembea."

Darasa likaangua kicheko. "Vingekuwa vipya," Wyson akasema, "tungejua ni tangazo la biashara."

"Nyamaza, Wyson. Wewe kidole chako kimekaa mbele ya lenzi kama mlinzi getini, mbona hatujakusema?"

Taonga alimwomba abonyeze tena, taratibu, akaona. Kwenye simu mbonyezo wa kwanza unawasha na wa pili unazima. Falesi alikuwa anawasha, anazima papo hapo, anahoji mtu weee, halafu akimaliza anabonyeza ili azime, kumbe ndiyo kwanza anawasha. Taonga akacheka kwa upole. "Hiki ni kidole cha redio. Nimekiona kwa wazee wengi wa kazi. Hakina kosa, kimezoea tu."

Mazoea yana taabu, waliosema hawakukosea. Jumanne na Jumatano Falesi alikifundisha upya kidole chake kama mtoto wa chekechea. Alimhoji jirani, akamhoji mbuzi, akauhoji mwiko. Mara moja! Mara moja tu, wewe! Jumatano alasiri alitoa video kumi mfululizo bila kosa, na hata Wyson akampigia makofi. Akaenda kulala amekwisha kuliona lile jiwe limejaa majina.

Alhamisi wakatawanywa kwenda kufanya kazi ya kweli. Falesi akafika kambini mapema. Gogo Namuthuwa alikuwa amekaa mlangoni pa hema, amejifunga kitenge safi, uji wake pembeni haujaguswa. Falesi akambania kipaza sauti kifuani, akasimamisha stendi, akatoa daftari.

"La nini hilo?" Gogo akauliza.

"La kuandika majina, Gogo, kwa usalama tu."

"Weka huko. Ukiandika unainamisha kichwa. Mimi mwaka mzima nawataja kwenye turubai, leo nataka niwataje kwa mtu. Nitazame." Falesi akaliweka. Taonga naye si ndivyo alivyosema? Mtazame mtu machoni.

Alikuwa bado anapangusa lenzi bibi alipoanza. "Nyumba ya kwanza kutoka mtoni..." Falesi akashtuka, akajirusha kwenye simu, akabonyeza, akakaa upesi akamtazama. Najua umekwisha kufahamu kidole kile kilifanya nini. Yeye hakufahamu. Angefahamu vipi, na macho yake yalikuwa mahali alipoambiwa ayaweke?

Gogo akaenda nyumba kwa nyumba, bila haraka, kila jina likiwa na mtu ndani yake: huyu aliyekuwa na kigugumizi, huyu aliyeoka mihogo mitamu, huyu mvivu lakini mcheshi. Akafika nyumba ya nne. "Esnat. Na Tiyanjane. Na Mavuto. Na kile kichanga, kilichozaliwa Jumapili, hakikuwa hata kimepewa jina."

Falesi hakujua kama dada yake alikuwa amekwisha kujifungua. Njia zilikuwa zimekatika wiki ile, simu hazishiki, na maji yalikuja Jumatatu. Mwaka mzima amewalilia watu watatu, kumbe walikuwa wanne. Machozi yakamtoka bila sauti. Hakuyafuta, hakugeuza uso, akawa anaitikia kwa kichwa kila Gogo alipotaja, mpaka nyumba ya mwisho kule juu.

"Wameingia wote?" Gogo akauliza, akionyesha simu kwa kidevu.

"Wote, Gogo."

"Arobaini na watatu?"

"Wote wamefika."

Bibi akashusha pumzi, ndipo akavuta bakuli lake la uji. Falesi akabonyeza ili azime, akakunja stendi, akaondoka. Sheria ya kukagua kazi kabla hujaondoka aliijua, tena aliijua vizuri. Lakini mvua ilikuwa inaanza kudondoka, na Mungu amsamehe, hakuweza kukisikia kile kichanga kikitajwa mara ya pili siku ileile. Akajisemea atakagua kesho.

Ijumaa asubuhi Taonga akaunganisha simu yake na projekta. Ukutani akatokea Gogo Namuthuwa, mkubwa, mzuri, fremu imekaa sawasawa, mwanga upande unaotakiwa. Akafungua mdomo. "Nyu—" Picha ikakatika. Kikafuata kipande cha pili: viatu, matope, manyunyu, na mwanamke anayelia peke yake njiani kwa dakika kumi na nne.

"Viatu vimerudi!" Wyson akapiga kelele, halafu akamwona Falesi usoni, akanyamaza.  Taonga aliipekua simu kila mahali, kwenye vilivyofutwa, kwenye kadi, akaiunganisha na kompyuta, jasho likimtoka. Falesi akamuuliza kama wataalamu wa mjini wanaweza kukirudisha kile kipande. Kijana alishindwa kumtazama.

"Mama, kipande kingekuwa kimepotea tungekitafuta. Hakijapotea. Hakikunaswa."

"Dada," Wyson akasema kwa sauti ya chini, "maji yakimwagika hayazoleki."

"Yatazoleka!" Falesi akafoka. "Peleka methali zako kwenye mpira!" Akachomoa simu, akadandia baiskeli ya abiria, akamhimiza mwenye baiskeli njia nzima mpaka yule maskini akaishiwa pumzi.

Alimkuta Gogo amejilaza juani, uso wake umelegea kwa namna ambayo Falesi hakuwahi kuiona.

"Karibu, mwanangu. Nimelala. Tangu yale maji sikuwa nimelala hivi. Leo sikuwataja. Nimeamka nikanywa uji kwanza kama watu wengine."

Falesi akapiga magoti. Akamwambia kila kitu, kidole, mibonyezo miwili, viatu. Gogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilipokuwa nasema, hicho kidude chako kilikuwa kimefumba macho?"

"Kilikuwa kimefumba, Gogo. Kosa ni langu. Nakuomba, mara moja tu tena. Saa kumi wanafunga."

Bibi hakugomba. Alijiinua, akajipangusa uso, akakubali kubanwa kipaza sauti. Falesi akabonyeza mara moja, akakodoa macho, akaziona namba nyekundu zinahesabu. Safari hii simu ilikuwa macho.

Nyumba ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili, ya tatu. Ya nne aliitaja, na kichanga chake. Ya tano akasita, akampata mume, akamkosa mke. Ya sita ikamtoka kabisa.

"Wale wa Msumbiji," akasema. "Yule mrefu... alikuwa anaimba akilima. Alikuwa anaitwa... Ngoja. Ngoja nianze mtoni." Akaanza mtoni. Mara ya pili akakwama ya tano. Mara ya tatu akawachanganya watoto wa nyumba ya pili na wa ya tatu, akajua mwenyewe kwamba amewachanganya.

"Pumzika kidogo, Gogo. Hatuna haraka," Falesi akasema, na haraka ilikuwa inamla moyo.

"Si kupumzika. Hujui kubeba mtungi wewe? Ukiwa njiani haukushindi, hata kama ni mbali. Ukishautua, huwezi kujitwika peke yako. Jana uliniambia wamefika. Nikatua." Akakunja viganja vyake mapajani. Halafu akainua macho, na yalikuwa na tumaini. Hilo tumaini ndilo lililommaliza Falesi.

"Lakini si ulikuwepo? Nilikuwa nakutazama, unaitikia kila jina kwa kichwa. Basi nitwike, mwanangu. Nianzishie tu, wengine watakuja wenyewe. Nyumba ya sita ni nani?"

Falesi akafungua mdomo. Alitafuta yule mrefu aliyeimba, akatafuta mkewe, akatafuta nyumba ya saba, ya nane, mpaka ile ya juu kabisa. Akilini aliiona midomo ya bibi ikisogea kama jana, na hakusikia neno.

"Sijui, Gogo," akasema. "Nilisikia wa kwetu tu. Baada ya kile kichanga sikumsikia mtu mwingine."

 Gogo Namuthuwa akakibandua mwenyewe kile kipaza sauti kifuani, akamwekea Falesi mkononi, na kumfumba vidole juu yake.