Ng'ombe Mmoja, Chuchu Nne

Hardeep alikuwa na ugonjwa mmoja: akiambiwa kuna kitu kikubwa, kidogo hakiguswi tena. Mkewe Darshana alishachoka kumsema. Lakini mtu huyo huyo hakujua kutupa. Katika studio yake ya picha, karibu na soko la Nakuru, makabati yalijaa negativu, zile filamu ambazo picha hutolewa kwazo, tangu enzi za baba yake Pritam, kila bahasha na jina na tarehe. Watu walimtania, "Singh, unafuga karatasi?" Naye akicheka nao.

Ikaja Januari ya 2008, ghasia za uchaguzi zikazuka, nyumba zikachomwa, na wale wale waliomtania wakaanza kuja mmoja mmoja kutoka kambi ya waliofukuzwa makwao, kuulizia picha zao.

Mmoja wao alikuwa Wachuka, mama aliyekuwa akilima viazi upande wa Molo. "Boss," alisema, "mwaka wa tisini na sita nilileta mtoto wangu hapa. Nyaguthii. Alikuwa na miaka mitatu. Mwezi uliofuata homa ya mapafu ikamchukua. Nilikuwa na hiyo picha moja tu, na imeungua na nyumba." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anaungama kosa, "Nimeanza kusahau sura yake."

Hardeep alipekua makabati siku mbili. Mungu si Athumani, bahasha ikapatikana. Lakini chumba cha giza, alimosafishia picha, alikuwa amekifunga miaka mingi. Sasa negativu zilipita kwa skana, mashine ya kuzisoma, na kompyuta, na kompyuta yenyewe, uzee ulikuwa umeishinda. Ilizimika wiki hiyo na haikuwaka tena. Hardeep akaapa kununua mashine ya maana, yenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya viini vinne.

Na hapo ndipo alipojikwaa. Dukani alisikia kwamba Windows, programu ya kuendesha kompyuta, ile ya nyumbani inakubali prosesa moja tu, na ya biashara inakubali mbili. Akawaza: viini vinne si ni prosesa nne? Akichukua ya nyumbani, si vitatu vitalala? "Ninunue nne nitumie moja? Wacha mchezo!" Akachukua ya biashara, angalau viwili vifanye kazi, tena ya biti sitini na nne, kwa sababu aliambiwa ndiyo kubwa, na memori ya gigabaiti nane juu yake. Jumapili, alipotoka gurdwara, hekalu la Masingasinga, akaiweka mwenyewe Windows hiyo. Jamani, kompyuta ilikimbia! Skana, nayo, ikakaa bubu. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Jumatatu Wachuka akaja kwa miguu, akaambiwa rudi Jumatano. Jumatano akaja, akamkuta Hardeep jasho linamtoka chini ya kilemba. Safari hii mzee hakuthubutu kumwambia kesho. Alimpa kiti, akampigia simu fundi, Chepkemboi, binti wa Rongai.

Wachuka aliposikia jina hilo likitajwa, alikaza leso kiunoni. Waliochoma nyumba yake walikuwa wakiongea lugha ya binti huyo. Chepkemboi alipofika alimwona Wachuka alivyojikunyata, akamsalimia kwa upole, kisha akainamia nyaya zake.

Aliposikia hesabu ya Hardeep, alishindwa kuzuia kicheko. "Mzee! Ng'ombe ana chuchu ngapi?"

"Nne."

"Sasa ukiwa na ng'ombe mmoja, utasema uko na wanne?"

"Aa, hapana."

"Basi hata Windows inahesabu ng'ombe, chuchu haihesabu. Hii prosesa yako ni moja. Ile ya nyumbani ingeikamua chuchu zote." Akagonga skana kwa kidole. "Na huyu ni mzee, anaelewa biti thelathini na mbili peke yake. Tukiweka Windows ya biti hizo, ataongea. Lakini kati ya hizo gigabaiti zako nane, mashine itaona tatu na kitu. Zingine zitakaa tu."

Ule ugonjwa wa Hardeep ukampanda. Akamtazama Wachuka, viatu vyake vimejaa vumbi la njia nzima. "Weka hiyo ndogo," akasema. "Weka sasa hivi."

Ilichukua mchana wote. Saa kumi na moja skana ikanguruma, na picha ikashuka kwenye kioo cha kompyuta polepole: nywele, paji la uso, macho.

"Uui! Kumbe ni haya macho yake," Wachuka akasema. "Mimi nilikuwa nimempa ya dada yake." Akalia wazi wazi, bila kujifuta. Kisha akageuka, akamtafuta fundi aliyesimama kando mlangoni. "Kuja umwone, mami."

Chepkemboi akaja. "Ni mrembo, mathe," alisema.

Hardeep akauliza atoe picha ya ukubwa gani. Mwenyewe alishaandaa karatasi ile pana kabisa.

"Ndogo," Wachuka akasema. "Ile naweza kubeba nikikimbia."

Hardeep akaitoa ndogo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha bila kuulizwa akatoa na ile pana. "Hii nitaitundika hapa, mama. Siku ukipata nyumba, uje umchukue."

Wachuka akautazama ukuta, kisha dirisha.

"Sawa. Lakini usimweke kwa jua, boss. Hakupenda jua."