Jogoo wa Ghorofa ya Sita

Juzi hapa Tassia, kwa fundi wa simu, nilimkuta jirani yangu, dereva wa basi la shule, ameishika simu yake kwa mikono miwili kama mtoto mwenye homa. Amechelewa kazini mara mbili. Akichelewa tena anafutwa. Kinachomwamsha ni jogoo wa kwao Kakamega tu, na alishamrekodi, lakini simu hiyo aliyotumiwa kutoka ng'ambo haitaki kengele yoyote isipokuwa zake.

"Nikivunja kufuli iliyowekwa na kampuni, mzee, itakubali chochote," fundi akasema. "Hata ng'ombe."

Akaivunja. Alfajiri ya pili jogoo aliwika, ploti nzima ikaamka. Nilipochungulia, keateka, mwangalizi wa jengo, alikuwa mlangoni kwa jirani, ghorofa ya sita, gunia mkononi.

"Kuku hawaruhusiwi hapa!"

"Ni simu, bosi." Akaibonyeza. Jogoo akawika tena.

Keateka akakuna kidevu. "Sheria haijasema lazima awe na manyoya."

"Na kazi yangu je?"

"Weka paka. Paka tunaruhusu."

Jirani amerudi kwa fundi kutafutiwa mlio wa paka. Faida ya kuvunja kufuli ndiyo hiyo, wasomaji: simu haiombi tena ruhusa kwa kampuni iliyoiunda. Inaomba kwa keateka.