Korosho za Kujumlisha

Juzi nilimwona binti yangu akihesabu kwa vizibo vya soda, nikacheka peke yangu. Sisi kule Kakuyuni, Mwalimu Kadzo alitugawia korosho za kuchoma, kumi kumi, darasa zima likanukia moshi.

"Haya, toeni nne," alisema.

Mimi nilidhani kutoa ni kula. Nikazila nne, zikabaki sita, na kwa mara ya kwanza nikapata hesabu.

"Sasa jumlisheni nne."

Zangu zilikuwa tumboni, basi nikachota nne za Sidi, mwenzangu wa dawati. Akaangua kilio.

"Mbona wamwibia mwenzio?"

"Sijaiba, mwalimu. Nimejumlisha."

Mwalimu alicheka hata akaketi. Kisha akamuuliza Sidi amebakiwa na ngapi.

"Sita," alijibu kwa kwikwi, "tena zote ndogo ndogo."