Kijiko cha Mama Nembris

Harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi hunirudisha soko la Kwa Mrombo hata nikiwa nimefumba macho. Mama alikuwa akiwasha kijiti cha mzeituni wa porini, anakisugua ndani ya kibuyu kikiwa bado chekundu, kisha anakung'uta majivu na kumimina maziwa yagande humo. Mtindi huo ndio aliouchanganya na mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa, ikawa loshoro, na loshoro ndiyo iliyotulisha, ikanivisha sare za shule na kulipia chumba chetu cha Sombetini. Hatukuwa na kingine.

Karibu kabisa na banda letu aliuza Mama Nembris, Mwarusha mnene mwenye kicheko cha kusikika soko zima, naye akiuza loshoro hiyo hiyo. Kila asubuhi alimtania mama kwamba Mmeru wa Kikwe kazaliwa kwenye migomba, loshoro, chakula cha wafugaji, kaijulia wapi. Mama naye alimjibu kwamba wateja wake hula wameziba pua. Walicheka, lakini nilimwona kila mmoja akichungulia mabenchi ya mwenzake. Mimi nilikuwa darasa la nne na nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote. Kila aliyeketi kwake nilimhesabu kuwa ameibwa kwetu.

Ndipo siku moja dereva wa bodaboda akala kwetu, akanyanyuka, na kabla hajaifikia pikipiki yake akatapika mbele ya watu na kuanguka. Wenzake walimbeba kumpeleka zahanati. Hata adhuhuri haikufika, soko lote lilikuwa linasema loshoro ya Mama Upendo ina sumu. Upendo ni mimi. Kesho yake hakuketi mtu. Waliotuzoea walipita wakiangalia upande wa pili, wengine wakatusalimia harakaharaka kama watu wanaokimbia mvua. Mama alipika vilevile, na jioni akamwaga chakula kwenye mtaro. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Akaniambia, akiwa amenipa mgongo, kwamba Jumamosi ikipita bila wateja tutafunga virago turudi Kikwe kwa bibi.

Jumamosi Mama Nembris hakuwasha jiko. Nilimwona akija kwetu, nyuma yake wateja wake wakinung'unika, nikajua amekuja kutucheka. Akaketi kwenye benchi letu, katikati, akaomba bakuli. Wauza nyanya wakaacha kupanga nyanya. Mama aliushika upawa bila kuchota.

"Dada, acha," mama alisema kwa sauti ya chini. "Watakusema na wewe."

"Niwekee. Ukiondoka wewe leo, kesho watasema mwenye sumu ni mimi."

Akachota kijiko, akakishika kidogo hewani, akala. Nilimtazama koo, kisha macho, kisha mikono, nikingoja aanguke kama yule dereva. Alikula taratibu mpaka bakuli likaisha, akafuta mdomo na kusema kwamba kwa mtu wa migombani, mama amejitahidi. Kisha akawageukia wateja wake, akawaambia kwake leo jiko halijawashwa, mwenye njaa akae hapa. Mmoja akakaa. Baada ya muda akakaa mwingine. Dereva alirudi wiki iliyofuata, amekonda, akasema daktari alimkuta na malaria, lakini wakati huo mabenchi yetu yalishajaa. Mama alilia siku hiyo, si kabla.

Sasa nina mgahawa wangu mjini, wenye vigae na jiko la gesi. Mwaka huu kijana anayeitwa Baraka alifungua wa kwake mkabala nami, supu na chapati kama zangu, na chuki yangu ya darasa la nne ikarudi nzima. Wiki iliyopita picha ya sahani yenye mende, eti ya kwake, ilizunguka kwenye makundi ya simu. Kule sokoni uvumi ulikuwa na sura. Ungeweza kumtazama machoni aliyeusema. Huu haukuwa na mwenyewe. Viti vyake vikabaki vitupu, vyangu vikajaa, na nilifurahi, nisiseme uongo. Halafu jana asubuhi nikamwona Baraka akimwaga sufuria nzima ya supu kwenye mtaro.

Nikazima gesi. Niliwaambia wateja wangu kwamba leo tunakula ng'ambo ya barabara, kwa Baraka. Wawili tu wakanifuata. Baraka aliniamkia shikamoo kwa sauti iliyokauka, akaniwekea bakuli. Watu walisimama mlangoni, simu mkononi. Nilichota supu, nikaitazama, nikaogopa, kwa sababu sikujua jikoni kwake kukoje. Miaka yote hii niliamini Mama Nembris alikuwa na hakika na chakula chetu. Hakuwa nayo. Siku ile hakuna aliyekuwa amesikia habari za malaria ya yule dereva.

Nikainua kijiko.