Barafu ya Simbo

Mshona kofia wa Ujiji hushonea kibarazani, miguu ameinyoosha mkekani. Kila akimaliza tundu moja la uzi mweupe, huinua kitambaa juani, akafumba jicho moja na kuchungulia. Tundu likipinda hulifumua papo hapo, wala haguni. Ncha za vidole vyake zimekuwa sugu hata sindano haiziumi tena. Siku ya kuchagua kofia za maonyesho ya Saba Saba, Kasongo, katibu wa ushirika, aliishika ile mpya, nyeupe tupu, duara ndani ya duara.

"Ua gani hili, mama?"

"Barafu."

"Hiyo si ya Ulaya? Sisi tunataka vitu vyetu."

Sindano ikasimama. Mama huyu, ambaye siku zote husema taratibu, safari hii alisikika hadi barabarani.

"Ulaya nimefika lini, Ndugu Katibu? Mvua ya mawe ilinikuta Simbo, kwenye shamba la kijiji, ikachanachana mihogo yote. Nikaokota punje moja ya barafu, nikaipasua kwa meno. Ndani ilikuwa hivyo hivyo unavyoona. Mihogo ile ilikuwa ya nani?"

Kasongo akaiweka kofia ile kwenye fungu la maonyesho. Siku ya maonyesho aliivaa yeye mwenyewe, akawa anawaambia wageni kwa sauti, "Hii ni barafu yetu, ya Simbo!" Mshona kofia akamsogelea, akamvua kofia mbele ya watu wote, akaiinua juani na kufumba jicho moja. Kisha akamrudishia kichwani, akaiweka sawa.

"Haya," akasema, "endelea kuwaeleza."