Kiti cha Pili cha Nyambizi

Kuchomelea mageti kumeikausha mikono ya fundi ikawa kama magome, lakini akishika kipanya cha kompyuta vidole hulainika ghafla. Mkewe huyaona yote akiwa mlangoni. Kila jioni mumewe huizungusha kwenye skrini nyambizi anayoisanifu, huibana kiuno, huiita "mrembo wangu". Afadhali mke mwenza, huwaza, angalau wangegawana zamu. Leo nyambizi imeongezwa kiti cha pili. Fundi alimketisha mkewe kwenye stuli, akampima kwa tepu kutoka makalioni hadi utosini, polepole, kama mtu aliyemkumbuka. Moyo ukamwenda mbio.

"Kumbe tutazama wote, mume wangu?"

Fundi akaandika namba bila kugeuka. "Si mnalingana kimo na kaka yako? Basi, shemeji atatosha."